Gereza, Noeli na Hori: Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana Ndani ya Kiswahili

Wapenzi wa lugha mnajua kwamba neno gereza tumelipata kwa Wareno, na kwamba katika lugha yao igreja maana yake ni kanisa. Kila ifikapo Desemba neno hili hunirudia akilini, kwa kuwa linagusa swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana niliowafundisha, na hata na watu wa umri wangu. Je, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana ni yetu, au ni vazi la wageni tulilovishwa, kama koti la sufu wakati wa jua kali? Na ikiwa ni yetu, imekuwaje tunaiona ikitutoka mikononi, ikibaki kuwa sikukuu ya kununua na kula?

Nimefundisha Kiswahili na Historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijui njia nyingine ya kulijibu swali la namna hii ila kuyauliza maneno yenyewe yalikotoka.

Tuanze na Wareno. Krismasi ya 1497 iliikuta misafara ya Vasco da Gama ikipita pwani ya kusini mwa Afrika, naye akaipa nchi ile jina la Natal, yaani kuzaliwa. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, kisha Malindi. Takribani karne moja baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Mombasa ngome waliyoipa jina la Yesu mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na kanisa. Kwa muda wa miaka mia moja, basi, kuzaliwa kwa Bwana kuliadhimishwa katika pwani ya Waswahili, lakini ndani ya kuta nene, mizinga ikiutazama mji. Ngome hiyo ilianguka mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698, siku kumi na mbili kabla ya sikukuu, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696.

Walituachia maneno mengi: meza, leso, bendera, karata, mvinyo. Natal haikubaki. Neno lao la kanisa ndilo lililobaki, nalo likawa jina la mahali pa kufungia watu, kwani aliyesimama nje ya ngome hakuona tofauti kati ya nyumba ya sala na nyumba ya minyororo. (Waingereza nao, walipokuja, waliitumia ngome hiyohiyo kama jela hadi miaka ya 1950, kana kwamba wametumwa kuthibitisha kamusi.) Sijapata kuona hukumu ya historia iliyo fupi na kali kuliko hiyo.

Zikapita zaidi ya karne moja na nusu. Siku chache kabla ya Noeli ya 1860, mapadre wa Kifaransa kutoka kisiwa cha Réunion waliteremka Unguja. Kazi yao ilirithiwa na Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mwaka 1868 lilivuka hadi Bagamoyo, palipokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara. Hapo walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wafaransa hao waliiita sikukuu Noël, neno litokanalo na Kilatini natalis, linalohusu kuzaliwa. Yaani ni mzizi uleule wa Natal ya Wareno! Neno lililokuja mara ya kwanza na mizinga na kukataliwa, lilirudi kwa mlango wa Kifaransa, likapokelewa, likaongezwa irabu mwishoni kama desturi ya lugha yetu, likawa Noeli. Hadi leo Mkatoliki wa Tabora, wa Bukoba au wa Lubumbashi hulitamka bila kujua kwamba lilipata kutembelea pwani hii zamani likarudi mikono mitupu.

Kwa upande wa Waanglikana mambo yalikwenda karibu sambamba. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kwa majaribio yenye vifo vingi katika nchi ya mto Shire, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Pamoja naye alikuwa Edward Steere, mtu ambaye sisi walimu wa Kiswahili tunawiwa naye hata kama hatumtaji. Hao waliiita sikukuu kwa neno la Kiingereza ambalo asili yake ni “Misa ya Kristo”. Likawa Krismasi. Mimi nimelelewa katika Ulutheri, mke wangu ni Mkatoliki, kwa hiyo nyumbani kwetu maneno yote mawili hutumika na hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili yake.

Hapa nitulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi ya mwaka uleule, liliwekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa ambalo lingejengwa juu ya kiwanja cha soko hilo. Hesabu, msomaji: kutoka Juni hadi Desemba ni miezi sita. Udongo uliokanyagwa na wanunuzi ulikuwa bado haujaota majani. Steere, ambaye baadaye aliwekwa kuwa askofu, alisimamia ujenzi yeye mwenyewe, akafariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Wanaokwenda Unguja kutalii huonyeshwa mahali pa altare wakaambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa.

Ni akina nani waliozisikia habari za kuzaliwa kwa Yesu kwa Kiswahili katika miaka ile? Wengi walikuwa vijana na watoto walionaswa kutoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine ya bara, wakatolewa majahazini, wakawekwa Kiungani na Mbweni, au Bagamoyo, au Freretown karibu na Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1875. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kilikuwa lugha ya njiani, waliyojifunza kwa amri za waliowachukua, kisha ikawa lugha pekee iliyowawezesha kusemezana wao kwa wao. Kutoka miongoni mwao alitoka John Swedi, aliyewekwa kuwa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, Myao, aliyepewa upadre mwaka 1890.

Sasa wazia habari ile ya Injili ikisomwa mbele ya watu hao. Familia maskini inatolewa kwao kwa amri ya mfalme wa mbali anayetaka kuhesabu watu wake. Mtoto anazaliwa safarini, mahali ambapo hapana nafasi kwa ajili yake. Kisha unakuja upanga wa mtawala, wazazi wanambeba mtoto usiku na kukimbilia nchi ya ugeni. Mhubiri wa Ulaya, aliyezoea kuisikia habari hiyo akiwa ameota moto sebuleni, ilimbidi aifafanue ili aelewe ukali wake. Waliokaa kwenye mikeka ya Mkunazini hawakuhitaji ufafanuzi. Walikuwa wameona vijiji vikichomwa. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba Krismasi ni desturi ya Wazungu, huwajibu kwamba watu wa kwanza kuiadhimisha kwa Kiswahili, wakiwa huru na nje ya ngome, waliielewa kwa namna ambayo wengi wa waliowaletea hawakuweza.

Lugha iliyotumika kuisimulia haikuwa ngeni pia. Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, na tafsiri za Biblia zikachukua kutoka katika hazina hiyo maneno yaliyokwisha kulainishwa na karne za sala: malaika, nabii, imani, rehema, baraka, dhambi, injili. Neno moja hawakulichukua, nalo ni maulidi. Kwa maana yake ya asili lingefaa kabisa, kwani ni neno la kuzaliwa. Lakini lilikwisha kuwa na wenyewe, na kasida zake, na usiku wake wa Lamu na wa Unguja. Naona ilikuwa busara kuliacha hapo lilipo. Majirani wawili waweza kusherehekea uzazi kila mmoja kwa jina lake, kisha wakapelekeana sinia. Na kwa habari ya sinia, pilau ya Krismasi ambayo leo haikosi katika nyumba ya Mkristo wa Dar es Salaam ni chakula tulichofundishwa na hao hao majirani Waislamu.

Yapo maneno matatu ambayo, kwa maoni yangu, yamebeba imani ya sikukuu hii kuliko mapambo yote ya madukani.

La kwanza ni majilio, yale majuma manne ya kungoja. Kuja ni kufika tu. Kujia ni kumfikia mtu. Kujilia ni kumfikia mtu kwa jambo maalumu, pengine bila yeye kutazamia. Waliolichagua neno hili walisikiliza vitenzi vyetu vizuri. Kipindi kizima cha mafundisho kimo ndani ya kiambishi kimoja. Siku hizi majilio yamefunikwa. Kabla Novemba haijaisha nyimbo za kengele zinapigwa madukani, na mtu anafika tarehe 25 akiwa amekwisha kuchoka na sikukuu ambayo haijaanza.

La pili ni mkesha. Kabla ya makanisa, watu wa nchi hizi walikesha msibani, walikesha harusini, walikesha kwenye ngoma, na mvuvi alikesha baharini. Kukesha ni kuunyima mwili usingizi kwa ajili ya mtu mwingine. Ibada ya usiku wa tarehe 24 ilipoitwa mkesha, haikuwa lazima kumweleza mtu kwa nini asilale. Nimesikia wahubiri wakilieleza neno hilo kwa dakika ishirini. Bibi yangu angelieleza kwa kuinuka na kutafuta shuka yake.

La tatu ni hori. Hili nilizoea kulitumia darasani, kwa sababu ni neno lenye maana tatu zisizokaribiana: mkono wa bahari uingiao nchi kavu, mtumbwi mdogo, na chombo cha kulishia mifugo. Mwaka mmoja nilikiuliza kidato cha pili maana ya neno hilo. Mwanafunzi aliyetoka Kilwa alisimama, akaeleza kwa uhakika kamili kwamba Mtoto Yesu alilazwa ndani ya mtumbwi. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka sana, kwani kijana wa pwani hakuwa na sababu ya kuwaza kitu kingine, na mtumbwi uliopandishwa mchangani, ukawekewa matambara, ni kitanda cha maskini vilevile. Waliocheka, nilipowageuzia swali, wengi walikuwa hawajui hori ni kitu gani. Walijua tu kwamba ni “kile kitu cha Krismasi”. Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 ndiyo iliyolishikilia neno hili hadi likafika kwetu, na nina hofu kwamba mahali pengi sasa linaishi kwa usomaji wa siku hiyo moja tu. Nyumba isiyosoma Luka usiku huo inakuwa na watoto wasiolijua neno, na wasiojua pia kwamba waliyezaliwa pamoja naye katika umaskini ndiye mwenye sikukuu.

Nyimbo zina historia yake, na kwa kuwa tupo katika baraza la washairi sitazipita kimya. Wamisionari wa Kilutheri, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walitujia na zao, mashuhuri kuliko zote ukiwa ule ulioimbwa kwa mara ya kwanza katika kijiji cha Oberndorf nchini Austria mkesha wa Krismasi wa 1818, maneno yakiwa ya padre Joseph Mohr na sauti ya Franz Gruber. Watafsiri wa nyimbo hizo walihesabu mizani kwa uaminifu. Wasichokihesabu ni mkazo. Wimbo wa Kijerumani hutembea kwa kupanda na kushuka kwa mkazo, ilhali mkazo wa Kiswahili umekaa siku zote katika silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake ni kwamba neno kama mtoto, ambalo hupanda katikati, mara nyingi huimbwa likipanda mwishoni, na sikio la mshairi linaumia. Tumezoea. Tena tumependa. Hata hivyo, ni sawa na kuvaa kiatu cha kurithi: miguu ndiyo imejifunza umbo la kiatu.

Aliyetushonea kiatu kwa kipimo cha mguu wetu ni Mathias Mnyampala. Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, mtu wa bara ambaye hakuzaliwa na Kiswahili, ndiye aliyeichukua Injili yote na kuitia katika utenzi miaka ya 1960, katika kitabu chake Utenzi wa Enjili Takatifu. Fikiria ujasiri wake. Utenzi, wenye vipande vinne vya mizani minane minane, vitatu vikishirikiana kina na cha nne kikibeba kina cha utungo mzima, ulikuwa kwa karne nyingi chombo cha Waislamu wa pwani kusimulia maisha ya mitume na vita vya dini. Mnyampala hakuomba ruhusa, wala hakudharau. Aliingia katika nyumba ya jirani kama mtu wa nyumbani, akasimulia kuzaliwa kwa Yesu kwa mwendo ambao mkazo hauvunjiki, kwa kuwa ni mwendo wa lugha yenyewe. Inanisikitisha kwamba makanisa mengi yana vinanda vya umeme na hayana nakala hata moja ya kitabu hicho.

Sasa tuiangalie ile inayoitwa mila ya Krismasi. Wakristo wa Uingereza wenyewe waliwahi kuifuta: Bunge lao, likiongozwa na watu waliotaka imani isiyo na sherehe, liliipiga marufuku mwaka 1647, na huko Massachusetts mwaka 1659 iliwekwa faini ya shilingi tano kwa atakayeiadhimisha. Ilirudi, lakini sura tuijuayo leo ni ya karne ya kumi na tisa. Kitabu cha Dickens kilitoka mwaka 1843. Picha ya familia ya Malkia Victoria imezunguka mti uliopambwa ilichapishwa gazetini mwaka 1848. Yaani miaka ishirini na mitano tu kabla ya jiwe la Mkunazini. Mti, theluji na mzee wa ndevu nyeupe si urithi wa mitume. Mzee huyo alikuwa mtu kweli, Askofu Nikolao wa Mira, katika Uturuki ya leo, wa karne ya nne. Alivishwa manyoya baadaye sana. Kumweka mlangoni pa duka la Kariakoo akiwa na pamba kidevuni na jasho shingoni ni ukatili kwa kijana aliyeajiriwa kumwigiza.

Na ile tarehe 26! Waingereza waliiita siku ya masanduku, ya kuwapa watumishi zawadi. Neno lao likatufikia bila sanduku lake, na kwa kuwa linafanana na jina la mchezo wa ngumi, watu wengi wanaamini kabisa kwamba ni siku ya ndondi, na waandaaji wa mapambano hawakuwa wajinga, wakaifanya iwe hivyo. Katika kalenda ya Kanisa hiyo ni siku ya Stefano, aliyepigwa mawe. Niwaachie wenyewe muone kama kuna uhusiano.

Lakini sikubaliani na wenzangu wanaolaani kila kitu isipokuwa ibada. Nguo mpya ya mtoto si adui wa imani. Nyama si adui. Wachaga wanaojaza barabara ya Moshi kila Desemba, nauli ikiwa imepanda na viti vimekwisha, wanafanya jambo ambalo Yusufu alilifanya: wanakwenda kwao. Na huko juu mlimani, kabla ya kukaa mezani, mara nyingi ndugu waliokosana hupelekeana jani la isale, ambalo kwa mila ya Kichaga aliyepewa hawezi kukataa kusamehe. Hilo halikuletwa na mmisionari. Limekutana na Krismasi njiani, likaelewana nayo, kama pilau ilivyoelewana nayo huku pwani. Kinachonitia wasiwasi ni safari ileile ikifanywa, ng'ombe akichinjwa, picha zikipigwa, na katika ukoo wa watu arobaini asipatikane hata mmoja wa kufungua Luka sura ya pili na kusoma kwa sauti, si kwa sababu wameacha imani, bali kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine angeleta kitabu.

Mimi nimejipangia kazi ndogo. Usiku wa tarehe 24, baada ya chakula, wajukuu husoma sura hiyo kwa zamu, na neno gumu likitokea tunasimama hapo mpaka litoke. Mwaka jana tulikwama kwenye hori karibu nusu saa, na kila mmoja akaja na jina lake. Mama mkwe alitoa la Kichaga, kijana wa jirani aliyetoka Singida akatoa la kwao, nami nikabaki na la kamusi. Ninayakusanya majina hayo katika daftari. Wasomaji wa bara, mnisaidie: kwenu ng'ombe wa zizini huwekewa majani na maji ndani ya chombo gani, kimetengenezwa kwa mti upi, nacho chaitwaje?